Kuzima taa hakumfukuzi mbu

Hapa Ujiji mbu akianza kulia sikioni usiku, hakosi mtu wa kusema: "Zima taa, ataondoka mwenyewe." Taa huvuta kumbikumbi, na kule ziwani wavuvi huwavuta dagaa kwa taa, basi tukadhani na mbu ni hivyo hivyo.

Sivyo. Mbu jike, ambaye ndiye pekee anayeuma, hukutafuta kwa hewa unayopumua, harufu ya ngozi na joto la mwili. Gizani anakupata vizuri tu. Na hulia karibu na sikio kwa sababu pumzi inatoka hapo jirani, puani na mdomoni. Ule mlio ni mabawa yake, yanayopiga mara mamia kwa sekunde moja.

Mkoa wetu una malaria nyingi, ndiyo maana jambo hili linanikera. Washa taa, mtafute ukutani, umuue. Kisha kagua chandarua. Chetu kilikuwa na tundu la kupitisha kidole upande wa miguuni. Tukalishona kwa uzi mweusi. Chomekea ukingo chini ya godoro pande zote, wala mkono usiegemee wavu, maana atakuumia hapo hapo akiwa nje.