"Nina ndoto" ilianza na hundi

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu unadai hotuba ya "Nina ndoto" ya Martin Luther King Jr., mtetezi wa haki za Weusi Marekani, aliyoitoa kwenye maandamano ya Washington Agosti 28, 1963, iliomba tu watu wasahau rangi zao. Si kweli. Hotuba ina takriban dakika 17, na maneno "nina ndoto" yanakuja baada ya zaidi ya dakika 10. Kabla yake King anadai deni, kwa lugha ya mfano: Marekani iliwapa Weusi hundi, ikarudi kwa kukosa fedha. Anataja ukatili wa polisi, na Mweusi wa jimbo la Mississippi asiyeweza kupiga kura. Maandamano yenyewe yalidai ajira na uhuru. Watu huchanganyikiwa kwa sababu vipande vingi vya video huanzia kwenye ndoto. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Sikiliza kwanza rekodi nzima, tangu mwanzo.