Wadachi si Waholanzi

Ikiwekwa mtandaoni picha ya kale ya boma la Bagamoyo, au ya askari waliopanga mstari nyuma ya ofisa Mzungu, hakosi mtu wa kuandika chini yake: "Kumbe hata Waholanzi walishatutawala!" Ameona neno Wadachi kwenye maelezo, amekumbuka kwamba Kiingereza kina Dutch, yaani Mholanzi, akajumlisha. Hesabu yenyewe si ya kijinga, ila jibu lake si sahihi.

Mdachi, kwa Kiswahili cha wazee wetu, ni Mjerumani. Udachi ni Ujerumani, Kidachi ni Kijerumani. Utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy unaojulikana kama Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima unasimulia vita vya mwaka 1307 wa Hijria, yaani 1889 na 1890, ambapo ofisa wa Kijerumani Hermann von Wissmann alipambana na Bushiri bin Salim mpaka Bushiri akanyongwa Pangani. Hamna Mholanzi humo. Warundi na Wanyarwanda nao, waliokuwa chini ya dola hiyohiyo, mpaka leo Ujerumani wanaiita Ubudage.

Swali la maana ni hili: ilikuwaje mataifa mawili yakagawana neno moja, Dutch kwa Waholanzi na Deutsch, Wajerumani wanavyojiita wenyewe?

Lugha mama ya lugha za Kigermaniki, ukoo wa Kijerumani, Kiholanzi na Kiingereza, haikuachiwa maandishi, lakini wanaisimu wamelijenga upya neno lake la "watu, umma" kuwa theudo. Watoto wake wametapakaa. Watu wa Iceland bado wanasema þjóð kwa maana ya taifa. Herufi ile ya kwanza isome kama th ya themanini. Jina Dietrich, na Dirk aliye nduguye, lina neno hilohilo ndani yake: mtawala wa watu. Ukitoka nje ya ukoo wa Kigermaniki unalikuta Lithuania, ambako tauta ni taifa.

Kutokana na theudo ilipatikana sifa, "-a watu". Askofu Wulfila alipotafsiri Biblia kwa Kigothi, lugha ya kale ya ukoo huo, katika karne ya 4, pale Wagalatia 2:14 ambapo Paulo anamsuta Petro kwamba yeye Myahudi anaishi kwa desturi za Mataifa, aliandika thiudisko. Yaani kimataifa, kwa maana ya zamani ya wale wasio Wayahudi. Bado halikuwa jina la kabila lolote.

Halafu Kilatini kikalichukua likawa theodiscus, na hapa ndipo ningependa wapenda majibu ya haraka watulie kidogo. Mwaka 786 George, askofu wa Ostia, alimwandikia Papa Hadrian I habari za vikao vya kanisa huko Uingereza. Alieleza kwamba maazimio yalisomwa kwa Kilatini na pia theodisce, ili wote waelewe. Lugha iliyosomwa pale ilikuwa Kiingereza cha Kale! Hilo ndilo andiko la mwanzo tulilo nalo ambamo neno hili linataja lugha, na lugha yenyewe si Kijerumani wala Kiholanzi. Maana yake ilikuwa "lugha ya watu wa kawaida", ile isiyo Kilatini cha mapadri. Mwaka 813 mtaguso wa Tours uliwaagiza maaskofu watafsiri mahubiri yao kwa Kirumi cha watu wa mashambani, lugha iliyozaliwa na Kilatini, au kwa thiotisca, waumini wasiishie kuitikia amina bila kujua wanaitikia nini. Na mwaka 842, pale Strasbourg, wafalme wawili ndugu, Ludwig na Karl, kila mmoja aliapa kwa lugha ya askari wa mwenzake: Karl kwa teudisca, Ludwig kwa Kirumi.

Kwa hiyo neno lilitofautisha lugha za wenyeji na Kilatini, baadaye na lugha zilizozaliwa na Kilatini. Mipaka ya nchi ilikuja nyuma sana. Karne nyingi watu wa milimani na watu wa nchi tambarare za pwani, wote, waliiita lugha yao kwa sura mojawapo ya neno hili: diutsch, duutsch, dietsch. Waingereza waliwaita wote Dutch, wakitenganisha Dutch ya juu na Dutch ya chini, juu na chini ikiwa ni ardhi wala si hadhi.

Kilichobadilisha mambo ni siasa na bahari. Uholanzi uliasi Uhispania, ukatambuliwa kuwa nchi huru mwaka 1648, na kati ya 1652 na 1674 Waingereza walipigana nao vita mara tatu. Ukisema Dutch London wakati huo, mtu alimfikiria hasimu wa baharini, na jina likamganda huyo. Waholanzi wenyewe wakaelemea Nederlands, wakaliacha Duits liwe la majirani. Hata hivyo katika wimbo wao wa taifa bado wanaimba kwa kinywa cha Willem wa Orange, kiongozi wa uasi ule na mzaliwa wa Dillenburg huko Ujerumani, kwamba ni wa damu ya Duits. Sijui shabiki wa soka wa Amsterdam humeza vipi mstari huo siku ya kucheza na Ujerumani.

Ndiyo maana pia nachoka kusikia kwamba "Pennsylvania Dutch", jina la jamii moja ya Marekani yenye asili ya Kijerumani, ni kosa la Wamarekani walioshindwa kutamka Deutsch. Wahamiaji wale walitoka zaidi maeneo ya mto Rhine, lugha yao wanaiita Deitsch, na Kiingereza cha enzi zile kiliwaita Dutch bila kukosea. Kiingereza ndicho kilichohama, wao wakabaki.

Sasa Mdachi wetu. Kwa masikio yangu ile "a" inakaa karibu na Dutch kuliko Deutsch, ambalo ningetegemea lizae kitu kama "doichi". Lakini aliyelitumia Tanga au Lindi hakuwa na shaka anamtaja nani. Mholanzi alikuwa na jina lake tayari, kutoka Holland, ingawa Holland nako ni mikoa miwili tu kati ya 12 ya nchi ile, na kuna watu wa Friesland, mkoa mwingine, watakaokununia ukiwaita hivyo.

Basi, ndugu, ukikutana na Wadachi katika utenzi, barua ya babu au maelezo ya picha, soma Wajerumani. Ukitafsiri Dutch ya leo, andika Waholanzi. Na ukitafsiri Dutch ya kabla ya miaka ya 1600 kwisha, angalia kwanza mtu mwenyewe anatoka wapi.