Kitanzi cha kuingia kwenye Linux

Unaandika nenosiri, unabonyeza Enter, skrini inakuwa nyeusi kidogo, halafu unajikuta pale pale ulipoanzia. Hukuambiwa umekosea. Ukirudia, yanakuwa yale yale. Hicho ndicho kitanzi cha kuingia.

Wengi hukimbilia kubadilisha nenosiri, wengine husakinisha mfumo upya, na hapo nawasikitikia, maana nenosiri halikuwa na kosa lolote. Lingekuwa na kosa, ungeambiwa papo hapo. Programu inayolinda mlango (LightDM, GDM au SDDM, kutegemea Linux uliyo nayo) imekwisha kukuruhusu na kuanza kukufungulia eneokazi (desktop). Eneokazi ndilo lililokufa kabla hujaliona, na mlinzi alipoona hakuna kitu ndani akarudisha skrini yake.

Uhakikishe hivi: bonyeza Ctrl+Alt+F3 upate skrini ya maandishi matupu, uingie kwa jina na nenosiri lile lile. Usishtuke herufi za nenosiri zisipoonekana unapoziandika, ndivyo ilivyo. Ukipokelewa, akaunti yako ni nzima.

Ukiwa humo, anza na amri `df -h`, inayoonyesha nafasi iliyobaki kwenye diski. Diski iliyojaa ni chanzo cha kawaida mno, nacho kina ujanja wake: ext4, mfumo wa faili wa Linux nyingi, kwa kawaida humtengea root (msimamizi mkuu wa mfumo) 5% ya nafasi. Kwa hiyo kompyuta huwaka vizuri na huduma za mfumo huendelea, ila wewe mtumiaji wa kawaida huwezi kuandika hata kifaili kidogo, na eneokazi haliwezi kuanza bila kuandika chochote. Futa vitu, ujaribu tena.

Nafasi ikiwapo, andika `ls -l ~/.Xauthority`. Faili hili hutunza ufunguo wa kutumia skrini, hasa kwenye mifumo ya LightDM kama Linux Mint na Xubuntu. Ukikuta mwenye faili ni root badala yako, mkosaji umempata. Mara nyingi ni matokeo ya kufungua programu yenye madirisha kwa `sudo` (amri ya kutenda kama root), au ya kuandika `sudo startx`. Lirudishe kwako:

`sudo chown $USER:$USER ~/.Xauthority`

Kisha rudi kwenye skrini ya kuingilia, kwa kawaida Ctrl+Alt+F7 au F1. Hata ukilifuta, litaundwa jipya utakapoingia.

Kama tatizo lilianza mara tu baada ya kusasisha kiini cha mfumo (kernel) na una kadi ya michoro ya NVIDIA, shuku kiendeshi chake (driver) kwanza. Folda ya faili za muda, `/tmp`, nayo ikiwa imebadilishwa ruhusa huleta balaa hili hili. Ruhusa zake zinatakiwa kuwa 1777.

Vyote vikishindikana, soma faili la `~/.xsession-errors` au kumbukumbu za mfumo kwa amri `journalctl -b`, ukianzia mistari ya mwisho. Eneokazi likifa huacha maneno, ila huyaacha huko, si kwenye skrini unayoikodolea macho.