Ukumbi umefungwa, tamthilia yako iko mikononi mwa nani? Mikataba na misaada ya waandishi wa jukwaani wakati wa janga

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona sasa ni janga la dunia nzima, kesho yake tarehe 12 kumbi za Broadway kule New York zikafungwa, na tarehe 16 kumbi za London nazo zikazima taa. Jioni ile ya tarehe 12 onesho la Six, lililoandikwa na Toby Marlow na Lucy Moss, lilikuwa lizinduliwe rasmi Broadway, yaani ndo siku yenyewe, alafu masaa machache kabla ya pazia kufunguliwa ikatoka amri kwamba hakuna onesho. Lilikuja kuzinduliwa tarehe 3 Oktoba 2021. Hesabu mwenyewe hapo ni miezi mingapi ya kusubiri.

Muigizaji akifungiwa ukumbi kila mtu anaona kwamba amekosa kazi, fundi taa hivyo hivyo, mshona mavazi hivyo hivyo. Lakini mwandishi wa tamthilia alishamaliza kuandika kitambo, yuko nyumbani kama siku zote na kompyuta yake iko mezani, kwa hiyo hata ndugu zake wanadhani yeye hajaguswa na lolote. Kilio cha samaki machozi huenda na maji. Huyu mtu pengine amekaa na tamthilia moja miaka miwili au mitatu akilipwa kidogo kidogo, matumaini yake yote yako kwenye asilimia ya tiketi siku onesho litakapoanza, na tiketi zisipouzwa hata asilimia iwe kubwa namna gani, ni asilimia ya sifuri.

Mimi kazi yangu kwenye chama cha waandishi ni kusoma mikataba ya tamthilia na kuwashauri wenye nayo, na kipindi kile cha korona nilisoma mingi sana. Kitu ambacho mpaka leo kinaniuma ni kwamba waandishi wengi hawakuumizwa na kufungwa kwa kumbi peke yake. Waliumizwa pia na imeili walizozijibu wiki zile za kwanza, kwa haraka na kwa moyo mzuri. Ukumbi unaandika "jamani hali ni mbaya, tunaomba utuvumilie", mwandishi anajibu "sawa, tuko pamoja", na ile sawa yake, bila yeye kujua, imeshabadilisha mkataba. Nawaandikia hili sasa hivi kumbi zikiwa wazi na watu wakiwa wametulia kwa sababu janga likishafika hakuna anayesoma kwa utulivu.

Tuanze na maneno mawili ambayo watu wanayachanganya kila siku, kuahirisha na kufuta. Onesho likiahirishwa maana yake mtayarishaji bado ameshika haki ya kuiweka tamthilia yako jukwaani, huwezi kuipeleka kwa mwingine hata kama huyo mwingine ana ukumbi wa wazi ambao serikali imeruhusu utumike. Likifutwa, mara nyingi (soma mkataba wako, sio wa rafiki yako) ile haki inarudi kwako, na hela uliyokwisha kulipwa inabaki kuwa yako. Hangmen ya Martin McDonagh ilikuwa imeshaanza maonesho ya awali Broadway, tarehe 20 Machi 2020 watayarishaji wakatangaza kwamba haitarudi kabisa, na bado 2022 ikarudi na ikazinduliwa hapo hapo Broadway. Kwa hiyo kufutwa sio kifo cha tamthilia, na wakati mwingine ni afadhali kufutwa tamthilia yako ikawa huru kuliko kuahirishwa ukabaki umefungwa miaka.

Kibaya kuliko vyote viwili ni kile cha katikati, "tumesimamisha kwa muda mpaka hali itakapotulia". Hali itatulia lini, na nani atasema imetulia? Shirika la Afya Duniani lenyewe lilitangaza mwisho wa dharura ile tarehe 5 Mei 2023, yaani zaidi ya miaka mitatu, sasa wewe na sawa yako ungekuwa umefungwa mpaka hapo. Ukiombwa uongeze muda, ongeza, wala sisemi uwe mgumu, ukumbi ni mwenzako na ukifa mtakosa wote, lakini andika tarehe. Sema naongeza miezi kumi na mbili mpaka tarehe fulani, ikipita bila onesho kutangaziwa siku haki zote zinarudi kwangu bila mimi kuandika barua nyingine. Na uombe kitu badala yake, hata kama ni kidogo, kwa sababu mwanzoni ule muda uliuuza na ule wa nyongeza nao ni muda wako.

Alafu kuna kile kifungu cha majanga yasiyozuilika, ambacho kwa kawaida kimekaa mwishoni mwa mkataba na hakuna anayekisoma. Kinataja vita, moto, mafuriko, amri za serikali, na mingine inataja magonjwa ya mlipuko. Kazi yake ni kumwondolea mtu lawama pale anaposhindwa kutimiza jambo kwa sababu ya kitu kilicho nje ya uwezo wake. Ukumbi umefungwa kwa amri, hauwezi kuonesha, hapo kweli hauna kosa. Lakini tamthilia za kuagizwa kwa kawaida zinalipwa kwa awamu, ukisaini unapewa kiasi, ukikabidhi mswada kiasi, na mswada ukikubaliwa kiasi kingine, na hizo ni hela za kuandika, sio za kuonesha. Umeandika, umekabidhi, ile awamu inadaiwa hata kama kiti hakuna aliyekikalia. Mwandishi mmoja alituletea barua ya ukumbi inayosema kwa sababu ya janga awamu ya kukabidhi mswada itasubiri mpaka onesho lipangwe upya, yeye alishajiandaa kukubali, tukamwambia asome tena kifungu chake kinasema nini, kinasema siku thelathini baada ya kukabidhi. Akawaandikia kwa upole akanukuu mstari wenyewe, wakamlipa. Sheria za nchi zinatofautiana na maneno ya mikataba nayo yanatofautiana, kwa hiyo sitaki mtu achukue hili kama hukumu, lakini msikubali neno janga lifute kila deni.

Sasa kurusha mtandaoni, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo palipovuja zaidi. Aprili 2020 National Theatre ya London ilianza kurusha bure YouTube maonesho iliyokuwa imeyarekodi zamani, kila moja wiki moja, na watu dunia nzima wakafarijika, mimi mmojawapo. Kumbi ndogo kila mahali zikaona nazo zinaweza, zikafungua makabati zikatoa rekodi za kumbukumbu, zile zilizopigwa na kamera moja nyuma ya ukumbi kwa ajili ya kumbukumbu za ndani tu, zikawaandikia waandishi, "tunaomba turushe ile rekodi, ni kwa ajili ya kuwatia watu moyo". Sawa, sawa, sawa.

Haki ya kuonesha jukwaani na haki ya kurusha picha ni vitu viwili tofauti, uliyempa ya kwanza hujampa ya pili. Kwenye jukwaa, tofauti na filamu, desturi ni kwamba mwandishi anabaki na hakimiliki yake, anakodisha tu, na nchi zilizomo kwenye Mkataba wa Berne, yaani makubaliano ya kimataifa ya hakimiliki, zinakulinda bila hata kusajili popote. Ndo maana wanakuuliza. Na ukiulizwa, uliza na wewe: itakaa hewani siku ngapi, itaonekana nchi zipi, ni bure au kwa tiketi, kama ni tiketi asilimia yangu inahesabiwa kabla au baada ya kutoa gharama, na nani atalifuta faili ikiisha. Hilo la mwisho watu wanalipuuza sana alafu miaka mitatu baadae mtu anataka kununua haki za filamu, anatafuta jina la tamthilia mtandaoni anaikuta nzima nzima ya bure, dili linapoa hapo hapo.

Wapo waliofanya vizuri. Juni 2020 ukumbi wa Old Vic wa London ulirusha laivu tamthilia ya Lungs ya Duncan Macmillan, waigizaji wakiwa kwenye ukumbi usio na mtu hata mmoja, watazamaji wakakata tiketi na idadi yao kila onesho ikawekewa kikomo. Ule ukomo ni jambo la maana kwa mwandishi maana unaifanya tamthilia ibaki kuwa tukio la saa fulani, ukikosa umekosa, haigeuki kitu cha kuokota mtandaoni muda wowote. Na Agosti mwaka huo huo ukumbi wa Donmar, wa London pia, ukafungua Blindness iliyoandikwa na Simon Stephens kutoka kwenye riwaya ya José Saramago, hakuna muigizaji hata mmoja mle ndani, watazamaji wamekaa mbalimbali wamevaa hedifoni wanasikiliza sauti iliyorekodiwa. Kila moja ya namna hizi inahitaji kipengele chake kwenye karatasi, laivu ni kimoja, rekodi kingine, sauti peke yake kingine, usomaji wa Zoom kingine, na ukiandika tu "na mtandaoni" umeviuza vyote kwa bei ya kimoja.

Tuje kwenye misaada. Serikali nyingi zilitoa hela, lakini nyingi zilipita juu ya kichwa cha mwandishi. Uingereza ilitangaza Julai 2020 mfuko wa utamaduni wa pauni bilioni 1.57, ila lengo kubwa lilikuwa taasisi, kumbi zisife. Marekani nayo ikaweka zaidi ya dola bilioni 16 kwa ajili ya kumbi na waandaaji waliofungiwa. Ni jambo jema, mimi sina ugomvi nalo kabisa, ila hela ikiingia ukumbini inaanza na pango na umeme na mishahara, na mwandishi sio mfanyakazi wa ukumbi.

Kwa waliojiajiri Uingereza ilikuwa na mpango wa kuwalipa asilimia 80 ya faida yao ya wastani, kisizidi pauni 2,500 kwa mwezi, lakini mwanzoni ilibidi uwe umepeleka hesabu za kodi za mwaka 2018 hadi 2019, na angalau nusu ya kipato chako kitoke kwenye kujiajiri. Mwandishi aliyeanza kujitegemea katikati ya 2019 akakosa. Mwandishi anayefundisha siku tatu kwa wiki ili aweze kuandika siku mbili, naye akakosa kama mshahara wa kufundisha umezidi. Marekani ilifungua mafao ya kukosa kazi kwa waliojiajiri kupitia sheria ya Machi 2020, na hapo napo aliyekuwa na kazi ndogo ya mshahara pembeni alijikuta anahesabiwa kwa ile kazi ndogo tu, anapata kiduchu, mpaka Desemba ndo wakaja kuongeza dola 100 kwa wiki kwa watu wa namna hiyo. Na maisha ya waandishi wengi wa jukwaani ndo hayo hayo ya kuchanganya, hakuna anayeishi kwa tamthilia peke yake isipokuwa wachache sana.

Kwa hiyo mali bila daftari hupotea bila habari. Weka daftari, hata la simu, kila kazi uliyoahidiwa iandike, ukumbi gani, tarehe gani, kiasi gani, na imeili iliyothibitisha. Ikifutwa andika siku iliyofutwa. Mifuko ya misaada, ya serikali au ya vyama vya waandishi, karibu yote itakuuliza kitu kimoja, umepoteza nini na unathibitishaje, na aliye na ukurasa mmoja ulionyooka anajibiwa mapema kuliko mwenye kipaji kikubwa anayetuma skrinshoti ishirini. Mapato ya kuandika na ya kufundisha yatenganishe toka mwanzo. Hesabu za kodi peleka hata mwaka ambao umepata kidogo mno, maana huo mwaka mdogo ndo unaokufanya uonekane kwenye vitabu vya serikali kwamba upo. Na mtu akikuomba ada ili akuombee msaada, mkimbie.

Kuna jambo jingine si la karatasi. Mwaka ule ilisambaa ile hadithi kwamba Shakespeare aliandika King Lear akiwa amejifungia kwa tauni, na watu wakaigeuza fimbo ya kuwachapia waandishi, wewe je umeandika nini? Nilipokea barua za watu wazima wanaona aibu kwamba hawajaandika hata ukurasa. Jamani. Mtu amefiwa, watoto wako nyumbani, hela hakuna, ndoto ya miaka mitatu imefungiwa ukumbini na seti yake, huyo hajawa mvivu. Tauni iliyofunga kumbi za London kuanzia 1592 mpaka 1594 tunachojua ni kwamba Shakespeare alichapisha shairi refu 1593 na jingine 1594, yaani kazi ambayo haihitaji umati kukaa pamoja. Kama unaweza kufanya hivyo, hadithi fupi, mchezo wa redio, fanya, utakula. Kama huwezi, pumzika, na uwapigie simu waandishi wenzako maana wao hawaonekani kama wewe usivyoonekana.

Kumbi zikifunguka kuna foleni. Maonesho yaliyoahirishwa yanaingia kwanza, mapya yanasubiri, na wenye kumbi waliofilisika nusu wanataka tamthilia ya watu wawili na meza moja. Watakuomba upunguze wahusika. Ukikubali iwe umekubali wewe kama mwandishi, kwa malipo ya kuandika upya, na mswada wa awali ubaki wako ulivyo.

Na mkataba mpya utakaokuja mezani utakuwa na kifungu cha magonjwa kilichoandikwa na wakili wa ukumbi. Angalia kinasema nini kuhusu onesho lililoanza likakatwa katikati, kama kuna kiwango cha chini utakacholipwa hata likichezwa siku tatu tu. Angalia kama unaruhusiwa kuhudhuria mazoezi kwa njia ya video ukiwa umeugua au umezuiwa kusafiri, na kama bado utalipwa siku hizo. Angalia tarehe ya haki kurudi. Kama haipo, usijibu imeili ile siku hiyo hiyo, tuletee sisi au chama chochote cha waandishi kilicho karibu nawe, tuisome wote ndipo ujibu.