Mwanga Ukipungua, Si Lazima Gesi Imeula

Ukikaa Forodhani, Zanzibar, usiku ukatazama karabai za wavuvi wa dagaa, moja ikififia hujui kama ni ukungu umepita mbele yake au ni mafuta yanakwisha. Kupima gesi kwa leza, yaani kupitisha mwali hewani hadi kwenye kihisi kinachopima mwanga, kuna shida hiyo hiyo. Wengi, hata wanafunzi wa fizikia, hudhani mwanga ukipungua kwenye kihisi basi gesi imeufyonza. Sivyo. Nguvu ya leza yenyewe hupanda na kushuka, kifaa kikitikisika mwali huhama, na hapa kwetu chumvi ya bahari hutanda kwenye vioo. Gesi ikiwa chache hewani, mara nyingi hufyonza chini ya asilimia 1 ya mwanga. Leza ikiyumba asilimia 1 tu, umekwisha kudanganyika.

"Piga wastani," utaambiwa. Wastani hupunguza kelele za nasibu, yaani vipimo kuruka juu na chini ovyo, lakini leza inayoshuka polepole inabaki na kosa lake. Dawa ya kwanza ni kuugawa mwali: sehemu ipite kwenye gesi, sehemu iende moja kwa moja kwenye kihisi cha pili, kisha ugawanye vipimo viwili. Ugawanye, usitoe: leza ikishuka, vyote hushuka kwa asilimia ileile, uwiano haubadiliki.

Ila kihisi cha pili hakiioni ile chumvi. Hapo leza hubadilishwa urefu wa mawimbi kidogo kidogo. Gesi ya methani, kwa mfano, hufyonza kwenye mstari mwembamba, yaani urefu maalumu wa mawimbi, karibu na nanomita 1654, ilhali chumvi hufifisha mstari na pande zake karibu sawasawa. Pande hizo ndizo zinazokueleza mwanga ungekuwaje lau gesi isingekuwapo.