Ventrilokwizimu: sauti ya karagosi inatoka wapi?

Ventrilokwizimu ni sanaa ya kusema bila kuchezesha midomo, ili watazamaji waone kama sauti inatoka kwingine, mara nyingi kinywani mwa karagosi aliyepakatwa na msanii. Wengi hudhani msanii "anarusha" sauti ikatue pale mbele. Hawezi. Sauti inatoka kooni mwake kama ya mtu yeyote. Wanaodanganyika ni watazamaji, na wanadanganywa na macho yao.

Ukitaka kuuona udanganyifu huo bila karagosi, ingia kibanda umiza chochote Tabora mjini siku wanayoonyesha filamu. Runinga iko mbele, spika kubwa imening'inizwa kwenye kona, pengine nyuma kabisa ya mabenchi. Hata hivyo jambazi akifungua mdomo kwenye kioo, maneno unayasikia yakitoka kwake. Fumba macho, sauti inarudi kwenye kona. Likija suala la sauti inatoka wapi, ubongo huyaamini macho kuliko masikio, na mdomo unaocheza sambamba na maneno ndio unaopewa sauti.

Ndiyo maana mkono wa msanii una kazi kubwa kama koo lake. Mdomo wa karagosi hufunguka mara moja kwa kila silabi, na hapo Kiswahili kinasaidia: ka-ri-bu-ni, mara nne, basi. Msanii naye humtazama karagosi anapoongea, na ukumbi mzima unageukia huko.

Kazi iko kwenye herufi. Irabu, na k, t, n, s au l, hutamkika vizuri midomo ikiachama kidogo tu, ulimi ukifanya kazi nyuma ya meno. Lakini b, m na p zinataka midomo ikutane, na f na v zinataka meno yaguse mdomo wa chini. Wasanii huzibadilisha: b inakuwa d, m inakuwa n, p inakuwa t, f inakuwa th, v inakuwa dh. Kwa hiyo karagosi wa Tabora akisifia maembe mabivu ya kwao, kinachotoka hasa ni "naende nadidhu". Ukilisema polepole ni kichekesho. Likipita haraka ndani ya sentensi, sikio linajirekebishia lenyewe.

Kwa maoni yangu Kiswahili kinamtesa msanii, maana m imejaa kila mahali: mtu, mti, mwalimu, nimekula. Hata Mnyamwezi akikuamkia "mwangaluka" ameanza na midomo. Anayejifunza afadhali aandike mazungumzo kwa ujanja, herufi ngumu azibebe yeye mwenyewe:

— Kaka, nina njaa tangu jana.
— Mbona mchana umekula ugali na mgebuka wa Kigoma?
— Ugali gani? Nilikataa!

Karagosi hapo hana b, m wala p hata moja.

Zamani sanaa hii haikuwa ya kuchekesha. Ugiriki ya kale kulikuwa na waaguzi ambao sauti yao ilidhaniwa ni ya pepo aliye tumboni. Jukwaani ilikuja kushamiri Ulaya kuanzia karne ya 18. Ajabu kuliko zote ni Edgar Bergen wa Marekani, aliyevuma na karagosi wake Charlie McCarthy redioni kuanzia 1937 hadi 1956. Redioni! Midomo ya Bergen ilikuwa inacheza waziwazi, na Charlie mwenyewe alimtania kwa hilo. Watu walimpenda Charlie kwa maneno yake makali na ukorofi wake, basi.

Mwaka 2017 binti wa miaka 12, Darci Lynne, alishinda shindano la vipaji la Marekani, America's Got Talent, kwa sanaa hii, miaka kumi baada ya Terry Fator kulishinda kwa sanaa hiyohiyo. Karibu zaidi na sisi, Afrika Kusini, yupo Conrad Koch, ambaye karagosi wake Chester Missing huwahoji wanasiasa. Maswali yanayochoma anamwachia Chester.