When Dream and Day Unite: yanayosemwa na yaliyomo

When Dream and Day Unite, albamu ya kwanza ya Dream Theater, bendi ya Marekani ya progresivu metali (metali yenye nyimbo ndefu na midundo inayogeuka-geuka), ilitoka Machi 1989, na tangu hapo inasemwa zaidi kuliko inavyosikilizwa. Mashabiki wengi waliijua bendi hii kwa "Pull Me Under" ya 1992. Wakarudi nyuma kuchungulia, wakakuta gitaa lenye sauti nyembamba na mwimbaji wasiyemfahamu, wakazima. Hukumu nyingi zinazozunguka zimetoka hapo.

Dhana: Progresivu metali ilianzia hapa.

Hata kidogo. Bendi za Queensrÿche na Fates Warning zilitoa albamu zao za kwanza 1984, Watchtower wa Texas wakafuata 1985. Hata Operation: Mindcrime ya Queensrÿche ilikuwa sokoni tangu 1988, mwaka ambao Dream Theater ndio kwanza wanaingia studio. Walichokuja nacho, kwa masikio yangu, ni kinanda. Kevin Moore hapambi nyimbo kwa nyuma tu. Anabishana na gitaa la John Petrucci, na mara kadhaa anashinda.

Dhana: Ni mazoezi ya wanafunzi wa muziki waliotaka kujionyesha.

Kuna ukweli ndani yake. Petrucci, John Myung wa besi na Mike Portnoy wa ngoma walikutana chuo cha Berklee, Boston, wakaanzisha bendi 1985, na masomo wakayaacha njiani. Kuna mahali inasikika kabisa kwamba wana mawazo mengi kuliko nafasi: "Light Fuse and Get Away" inageuka kabla hujazoea ilikokuwa. Lakini sikiliza "The Ytse Jam", wimbo usio na uimbaji. (Soma jina hilo kinyumenyume upate Majesty, jina lao la awali, waliloliacha baada ya bendi nyingine kulidai.) Besi, kinanda na ngoma kila kimoja kinapewa zamu yake, kisha wote wanarejea kwenye mdundo uleule bila kupotezana. Na "The Killing Hand", yenye sehemu tano ndani ya dakika zisizofika tisa, inaanza kwa gitaa kavu na kupanda taratibu. Mtu wa kujionyesha tu hana subira hiyo.

Dhana: Mwimbaji, Charlie Dominici, ndiye aliyeiharibu.

Hii ndiyo inayorudiwa kuliko zote, na ndiyo isiyomtendea mtu haki. Dominici alizaliwa 1951. Wenzake walikuwa vijana wa miaka ya ishirini na kitu. Sauti yake ni safi, haitoki kwenye ufunguo, na maneno yanasikika. Kwenye "Status Seeker", wimbo mfupi wenye kiitikio cha redioni, anakaa vizuri tu. Shida inaanza bendi inapokuwa nzito: yeye anabaki palepale, mwepesi, kama mtu anayeimba wimbo mwingine chumba cha pili. Hakupatana na muziki huo, basi, kuimba alijua. Baada ya maonyesho machache ya kuzunguka New York waliachana, ingawa alipanda nao jukwaani mara moja zaidi kuwafungulia Marillion, bendi ya Uingereza, katika ukumbi wa Ritz. James LaBrie, Mkanada, aliingia kuwa mwimbaji 1991.

Kipimo kizuri kipo. Chukua Live at the Marquee ya 1993, rekodi ya jukwaani, ambamo LaBrie anaimba "A Fortune in Lies" na "The Killing Hand", uziweke kando ya zile za 1989. Utunzi ni uleule. Mwimbaji kabadilika, ndiyo, lakini kinachokushtua kwanza ni uzito wa gitaa na ngoma. Lawama nyingi alizobebeshwa Dominici zilikuwa za kurekodi.

Dhana: Basi prodyuza hakujua kazi.

Prodyuza alikuwa Terry Date. Mwaka uliofuata alisimamia Cowboys from Hell ya Pantera, na 1991 Badmotorfinger ya Soundgarden, albamu mbili ambazo hakuna anayelalamikia sauti zake. Kwa albamu hii walipata wiki kama tatu hivi katika studio moja ya Gladwyne, Pennsylvania, kurekodi nyimbo nane zenye vipande vingi kupindukia. Haraka hiyo unaisikia.

Dhana: Bendi yenyewe iliikana.

Tarehe 6 Machi 2004, ilipotimiza miaka 15, waliipiga yote mwanzo hadi mwisho jijini Los Angeles, na onyesho hilo likatolewa kama rekodi. Dominici, aliyefariki 2023, alipanda jukwaani kuimba nao usiku huo.

Mimi ningeipa nyimbo tano kati ya nane. "Afterlife" nairuka bila majuto. Asiyewahi kuisikia aanze na wimbo wa mwisho, "Only a Matter of Time", kinanda cha Moore kikifungua, kisha arudi mwanzo. Akianza na wa kwanza ataishia kuzungumzia gitaa jembamba.